Mtu Asiyemjua Mama Mkwe Wangu

Sisi tuliokulia Korogwe hatukutishiwa zimwi wala polisi. Tulitishiwa Lutindi. Ukilia bila sababu, ukicheka peke yako, ukisusa chakula, mtu mzima yeyote aliyekuwa karibu alikuwa na haki ya kukuambia, "Endelea tu, utapandishwa Lutindi." Kupandishwa kweli, maana hospitali yenyewe, ya wagonjwa wa akili, iko juu huko, milima ya Usambara. Kichwani mwangu ilikuwa gereza lenye minyororo. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni hospitali ya Walutheri, ya tangu enzi za Mjerumani, na kwamba wagonjwa wake wanalima, wanachuma chai na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya matibabu. Wapo waliotoka kule wakarudi makwao na kuendelea na maisha. Lakini nani alikuwa na haja ya kutueleza hayo? Tishio lilikuwa linafanya kazi yake vizuri bila maelezo. Baadaye nikagundua kila mahali pana Lutindi yake: Dodoma wana Mirembe, Unguja wana Kidongo Chekundu, Nairobi wana Mathari. Ukitaka kumnyamazisha mtu, taja jina la hospitali.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini mwanamke mzima, fundi cherehani mwenye fremu yake Mbagala na wasichana wawili anaowafundisha kazi, alikaa muda mrefu bila usingizi na asiiite hali ile kwa jina lolote linalogusa akili. Majina mengine nilikuwa nayo tele. Uchovu. Presha. Gesi. Umri.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimeharibikiwa. Asubuhi naamka, nachemsha chai, mtoto anakwenda shule, nafungua fremu, natania na muuza vitumbua. Nikipigiwa simu ya kamati ya harusi nacheka kwa sauti ile ile. Ila ikifika saa nane usiku macho yanafunguka yenyewe, na mahesabu yanaanza. Kitambaa cha nani kimebaki nusu mita. Nani ametanguliza na nani anadaiwa. Kodi ya fremu ya miezi sita. Ada. Yule mama wa Chamazi aliyesema atarudi kupima mbona hajarudi, au ameshanisema kwa watu? Moyo unakwenda mbio nimelala chali, sijakimbia popote. Adhana ya alfajiri inanikuta hivyo, na nikisimama kuswali siwezi kusema nimesoma sura gani.

Kilichonitisha mwenyewe ni mkasi.

Asiyejua ushonaji hufikiri kazi ngumu iko kwenye cherehani. Hapana. Mshono ukienda vibaya unafumua, unarudia, mteja hajui. Kukata ndiko hakuna kurudi nyuma. Sasa ilikuwa lesi ya gauni la mama wa bibi harusi, lesi ya bei ambayo siitaji hapa, na vipimo nimemchukua kwa mkono wangu: kifua, kiuno, nyonga, bega hadi goti. Nimeitandika mezani, nimechora kwa chaki. Nikapima tena. Nikafuta, nikachora, nikapima tena. Vipimo ni vile vile. Mkono ukawa haushuki. Nimeshika mkasi juu ya kitambaa na viganja vinatoka jasho kiasi kwamba nikaogopa kuchafua lesi. Nikamwambia binti mkubwa, "Hebu kata wewe, napokea simu." Nikatoka nje na simu sikioni, na hakuna aliyenipigia. Binti alikata vizuri tu, mama wa bibi harusi alipendeza na akaniletea wateja wengine. Mimi nikazidi kuwakwepa.

Mtu akiwa hivyo anatafuta wa kumwambia. Nami niliwaambia watu, naomba lisije likasemwa kwamba Waswahili hatusemi. Tunasema sana.

Nilianza na mama. Mama akasema nimetupiwa jicho, biashara imesimama vizuri na macho ya watu si ya kuaminika. Akamleta ustadhi, nikasomewa, na usiku ule nililala kama kawaida, sidharau. Lakini mama akamsimulia dada yake, dada yake ana rafiki anayesali msikiti mmoja na mama mkwe wangu, na kabla ya Ijumaa iliyofuata mama mkwe alikuwa ameshampigia mwanawe kumuuliza kama ni kweli mkewe ameingiwa. Baba watoto yeye ni dereva wa malori, njia ya Tunduma. Nilipomweleza kwa simu alisikiliza, akanyamaza, jioni akatuma pesa. Alielewa kwamba namwambia matumizi hayatoshi. Si mtu mbaya, ndivyo alivyosikia. Nikabaki na shoga yangu wa kikoba, ambaye kwa kweli ana sikio. Ila mimi ndiye mweka hazina na yeye ana mkopo ambao marejesho yamechelewa, kwa hiyo kila nikisema nimechoka na mahesabu, naona uso wake unabadilika. Anadhani namdai kwa mafumbo.

Ndipo nilipoiona hali yangu ilivyo. Kila niliyemwambia alikuwa mhusika. Mama ana hofu zake juu yangu, mume ana mfuko wake, shoga ana deni lake, na ustadhi naye kesho atakutana na baba mkwe kwenye hitma. Hakuna aliyesikia maneno yangu bila kwanza kujiuliza, "Na mimi hapo niko wapi?" Ningekuwa mimi ningejiuliza vile vile.

Hospitali nilikwenda kwa ajili ya moyo, siyo kwa ajili ya mengine. Daktari, mama wa makamo aliyevaa raba, alipima presha, akaagiza damu na sukari, akaagiza na kipimo cha tezi ya shingo, maana alisema tezi ikizidisha kazi yake moyo huenda mbio na usingizi hupotea, na upungufu wa damu nao unaweza kukuchezea hivyo hivyo. Napenda alivyoanza huko. Kuna watu wamehangaishwa na wasiwasi miaka kumbe ni tezi. Mimi majibu yote yalikuja mazuri, na badala ya kufurahi nikajisikia kama mtu aliyekamatwa.

Akatoa karatasi yenye maswali tisa. Kila swali linauliza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na jambo hili? Kukosa hamu ya kufanya mambo. Kujisikia huna matumaini. Usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutulia na jambo moja, na kadhalika. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla yake haizidi 27. Swali la mwisho linauliza kama umewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali ufe au ujidhuru. Nilijibu hapana na ilikuwa kweli, lakini nilikaa kimya kidogo kwanza, kwa sababu katika wote walionipenda na kunihangaikia hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu umempa wazo. Daktari akasema siyo kweli, kuuliza hakupandi wazo hilo kwa mtu, mara nyingi kunampumzisha aliyekuwa nalo peke yake.

Akaniandikia nikaonane na mshauri nasaha. Nikamwambia, "Daktari, hivyo virusi si umesema sina?" Kwa kizazi chetu ushauri nasaha ni chumba cha Angaza, kule kwa kupima virusi vya UKIMWI, unakaa unasubiri majibu huku unatetemeka. Alicheka mpaka akavua miwani.

Mshauri wa kwanza nilimtafuta mwenyewe mahali pa kulipia, kwa sababu niliogopa kukutana na mteja kwenye foleni ya hospitali. Aliniuliza kama naswali swala tano. Akaniuliza kama namtii mume. Kisha akanisimulia ndoa yake, ambayo naona ilikuwa inamhitaji yeye zaidi kuliko kiti alichokalia. Nikalipa, nikaondoka, sikurudi. Hapa ndipo wengi huishia, wanasema, "Nilikwenda, hakuna kitu." Mimi nimepokea wateja wengi waliokuja na gauni lililoharibiwa na fundi mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeapa kuacha kuvaa nguo. Nikarudi kwa daktari wa raba, akanielekeza kliniki ya afya ya akili ya hospitali ile ile, na kule nikampata mwanasaikolojia ambaye, nilipomwona, nilidhani ni mwanafunzi wa mazoezi.

Binti mdogo, mpole, ana daftari. Nilitegemea aniulize utotoni nilipigwa na nani. Hakuuliza. Aliuliza, "Usingizi unakatika saa ngapi? Ukiamka unafanya nini? Kitu cha kwanza kinachopita kichwani ni kipi, kwa maneno yake?" Kwa maneno yake. Si "nina mawazo", hapana, sentensi yenyewe. Ikabidi niifikirie. Sentensi ilikuwa: *Wataniumbua kwenye grupu.*

Maana wateja wa sare za harusi wana grupu la WhatsApp, na mimi fundi huwekwa humo. Akanipa kazi ya nyumbani. Daftari la shule la kawaida, mistari miwili ya wima kwa kalamu, inakuwa sehemu tatu: kilichotokea, nilichokiwaza, na ushahidi. Mfano mmoja nauandika hapa kama ulivyo, mteja mwenyewe ameshasahau. Kilichotokea: mteja ameandika saa nne usiku, "Fundi vipi nguo yangu." Nilichowaza: amekasirika, ataniumbua, kamati nzima wataondoka. Ushahidi: hakuweka alama ya kuuliza. Kweli niliandika hivyo, huo ndio ushahidi niliokuwa nao! Upande mwingine: nguo ni ya wiki ijayo, iko tayari kasoro pindo, mteja huyu nimemshonea tangu ana mimba ya kwanza, na kila mtu huandika hivyo saa nne usiku kwa sababu ndipo anaposhika simu. Njia hii ya kuzikamata fikra na kuzipima ilianzishwa Marekani miaka ya 1960 na daktari aitwaye Aaron Beck, na haikutaka elimu kubwa kwangu. Inataka kuandika. Wazo likiwa kichwani lina ukubwa wowote linaoutaka. Likiandikwa kwa Bic kwenye daftari la shule, mara nyingi linaaibisha.

Alinipa pia muda wa kuwaza. Usicheke. Kila siku baada ya alasiri, dakika kama ishirini, nakaa nyuma ya fremu na daftari na nawaza kwa makusudi, madeni yote, mama mkwe, kila kitu. Nje ya muda huo wazo likija nalipangia: kesho, alasiri. Wiki ya kwanza niliona utoto. Baadaye nikakuta ikifika alasiri nusu ya yale mawazo siyakumbuki. Na kitanda akakiwekea sheria: kitanda ni cha kulala, usingizi ukikataa usikigombanie, amka ukae sebuleni kwenye mwanga hafifu, simu usiiguse, ukisinzia ndipo urudi. Mwanangu alinikuta saa tisa usiku nimekaa nusu gizani nakunja mabaki ya vitambaa akadhani kweli sasa nimeingiwa.

Mkasi tuliupandia ngazi. Nilianza kukata marekani, nguo ya bei rahisi isiyo ya mtu, natandika, nachora, napima mara moja tu, halafu nakata hata kama viganja vinalowa. Sharti lilikuwa hilo la kupima mara moja. Alisema kurudia kupima ndiko kunakomfundisha mkono kwamba hapa pana hatari. Baada ya marekani, foronya za nyumbani. Kisha kitenge changu mwenyewe. Kisha kitenge cha dada yangu, ambaye nikiharibu atapiga kelele lakini tutakula pamoja. Kisha satini ya mteja mpole. Lesi ilikuja mwisho kabisa, na jasho lilikuwepo, na nilikata. Jasho mpaka leo linakuja mara moja moja. Nalifuta kwenye khanga naendelea.

Wengi mnaponiuliza pembeni, mnataka kujua nini kiligunduliwa. Hakuna kilichogunduliwa. Hakukuwa na siri ya utotoni, hakukuwa na mtu aliyenitendea. Nilikuwa mtu mwenye wasiwasi mwingi na usingizi kidogo, nikafundishwa namna ya kufanya kazi na mwili na kichwa nilicho nacho. Machozi yalinitoka mara kadhaa, ndiyo, hasa siku nilipomzungumzia mama mkwe. Nilisema maneno ambayo nisingeweza kuyasema popote pengine, na yule binti hakumtetea wala hakunisaidia kumsema. Hamjui. Hatakutana naye kwenye shughuli wala kwenye msiba. Nilipotoka nje nilikuta bado nampenda yule mama, jambo ambalo nikiwa na shoga zangu sikulipata kamwe, kwa sababu wao wananiunga mkono, na ukiungwa mkono unalazimika kuendelea na vita.

Hoja yangu ya mtu asiye na upande inayumba mahali pamoja na itabidi nipataje. Zimbabwe kuna mpango wa Benchi la Urafiki, ulianzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, baada ya kumpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilikosa nauli ya kumleta kliniki. Alichofanya ni kuwafundisha bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, Harare, wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu: orodhesha matatizo, chagua moja, tupange la kufanya. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016 na waliokaa na bibi wa mpango huo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango umeshavuka hadi Zanzibar. Sasa bibi wa mtaani si ndiye mhusika namba moja? Nimelifikiria hili nikiwa natia vifungo. Naona tofauti ni mafunzo, na ule ukweli kwamba pale benchini bibi anakuwa kazini. Kungwi wangu naye alikuwa hivyo. Nje ya siku zile za unyago hakuwahi kunikumbusha hata neno moja. Kwa hiyo labda si lazima awe mgeni. Labda anatakiwa awe mtu anayejua kuyaacha maneno yako yalipowekwa. Mama mdogo wangu, Mungu amsamehe, hawezi kazi hiyo.

Dawa sikupewa. Jirani yangu wa fremu ya pili anatumia, na ameniruhusu niseme hivi: za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, haziondoi hali siku ile ile kama panadol, huchukua wiki kadhaa ndipo mtu aone tofauti, na kosa kubwa ni kuziacha ghafla kwa sababu umejisikia vizuri. Mpaka daktari akwambie, na kwa kupunguza kidogo kidogo. Anazimeza na uji wake, anafungua duka, maisha yanakwenda.

Ya kila siku ni madogo na hayana utukufu wowote. Kwenye mlango wa fremu kuna karatasi: ujumbe baada ya saa mbili usiku unajibiwa asubuhi. Wawili walinuna. Chai ya rangi kali naishia saa kumi jioni. Kutoka fremu hadi nyumbani natembea, bodaboda napanda nikiwa na mzigo tu. Na mfungo mosi, harusi zinapofumuka baada ya Idi, nina idadi ya sare ambayo siivuki. Mteja wa ziada nampeleka kwa fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, naye hunipa changu kidogo. Swala iko pale pale. Nasema hivyo kwa sababu kuna mtu aliniuliza kama nimeiacha dini kwa ajili ya wanasaikolojia.

Kama uko Dar na hujui uanzie wapi, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Temeke, Amana au Mwananyamala, ueleze usingizi wako na mwili wako kama ulivyo, na uulize kliniki ya afya ya akili ni siku zipi. Huna haja ya kujua jina la ugonjwa. Ukienda kwa wa kulipia, mimi kikao kimoja kilinigharimu karibu na ninachotoza kushona gauni la kitenge, uliza bei kabla, uliza amesomea nini, na uliza maneno yako yanaandikwa wapi na nani anayasoma. Akianza kukusimulia ndoa yake, chukua mkoba. Na ikiwa lile swali la tisa jibu lako ni ndiyo, usisubiri siku ya kliniki. Nenda dirisha la dharura leo, na mtu mmoja akusindikize. Kliniki yenyewe nenda asubuhi mapema. Foleni ni ndefu, na mimi kwenye benchi lile nimeshakutana na wateja wangu. Tuliamkiana, mmoja akaniuliza nguo yake itakuwa tayari lini.